Mteja wangu katapeliwa kwa namba yangu. Ni waifai ya nyumbani?

Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mabatini hapa Mwanza, kule juu kwenye mawe, siyo chini barabarani. Nauza dagaa. Nachukua Mwaloni Kirumba boti zikishashusha kutoka visiwani, napakia kwenye magunia, nasafirisha kwa basi hadi kwa wateja wangu Dodoma na Morogoro. Maagizo yote napokea WhatsApp, na wengine hatujawahi hata kuonana.

Mwaka jana mume wangu, ambaye kazi yake iko Geita na anarudi wikiendi, alinunua ruta ya laini ili watoto wasome na mimi nisihangaike na vocha. Fundi alikuja akaiwasha, akaandika pasiwedi kwenye karatasi, akaibandika ukutani nyuma ya TV. Ipo hadi leo.

Mwezi huu nimechanganyikiwa. Kwanza bando la mwezi, GB 60, limeisha siku ya kumi na moja. Jioni mtandao unakwama kabisa. Mpwa wangu akaingia kwenye ruta kwa simu yake, akakuta vifaa kumi na kimoja vimeunganishwa, na sisi hapa nyumbani hatufiki saba. Vingine havina hata jina, ni herufi na tarakimu tu.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni hiki. Mteja wangu wa Dodoma, mtu wa miaka minne, alinipigia kuuliza mzigo wake umefika wapi. Mzigo gani? Akasema nilimwandikia kwamba dagaa wameshuka bei, atume 480,000 haraka kwa namba ya "mdogo wangu" kwa sababu laini yangu imejaa. Akatuma. Alinitumia picha ya ujumbe wenyewe: upo chini ya mazungumzo yetu ya zamani, namba yangu, picha yangu. Kwangu haupo. Wiki hiyo mimi nilikuwa nahangaika na fomu za shule za mtoto, mara steshenari kuchapisha, mara kuzirudisha, wala sikumwandikia mtu yeyote habari za dagaa.

Nyumba ya chini yetu kuna kijana yuko chuo, anasomea kompyuta. Kila jioni anakaa kwenye lile jiwe lililo kati ya nyumba zetu na laptop yake. Mume wangu anasema ndiye aliyedukua waifai yetu, na Jumamosi akirudi anakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mama wa huyo kijana na mimi tuko kikoba kimoja. Kuna jamaa mwingine ameniambia atanisafishia mtandao kwa laki moja na nusu, nimwachie simu na ruta siku mbili.

Nifanye nini?

Mama Wawili, Mabatini

*

Mama Wawili, pole dada yangu.

Nitaanza na hilo la laki moja na nusu, maana ndilo linaloweza kukuumiza kesho asubuhi. Usimpe mtu huyo simu, wala ruta, wala hela. Hakuna kazi inayoitwa kusafisha mtandao. Kuna kubadili nywila, kazi ya robo saa unayoweza kuifanya umekaa kwenye kigoda chako unasubiri ugali uive. Kumwachia mtu usiyemjua simu yenye wateja wako wote na laini ya pesa, siku mbili, hiyo siyo tiba.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliwaza kama mume wako. Mara ya pili nikakwama kwenye neno ulilolipitia haraka: steshenari.

Zile fomu za shule zilikuwa kwenye simu, sivyo? Na pale dukani mtu akakuambia, "Mama, fungua WhatsApp, skani hapa kwenye kompyuta." Ukaskani, fomu zikatoka, ukalipa mia mbili mbili za karatasi, ukaondoka kwa sababu mtoto anasubiriwa shuleni. Nusu ya mji huu imefanya hivyo, nami nimo. Tatizo ni kwamba ukiskani ule msimbo, kompyuta ile inageuka simu yako ya pili. Inasoma mazungumzo, inaandika, inafuta. Zamani ilikuwa lazima simu yako iwe hewani ndipo kompyuta ifanye kazi. Mfumo huo WhatsApp walianza kuubadilisha mwaka 2021, na sasa hata ukizima simu yako kompyuta inaendelea kuandika kwa jina lako. Itajitoa yenyewe usipoitumia simu yako kwa zaidi ya siku 14. Na wewe, muuza dagaa, huachi simu hata saa 14.

Najua nabahatisha, sikuwepo. Lakini angalia njia nyingine tuzipunguze. Je, tapeli alifungua akaunti mpya akaweka picha yako? Hapana, maana ujumbe ungekuja kwenye ukurasa mtupu wenye namba ngeni, na mteja wako aliuona chini ya mazungumzo yenu ya zamani. Je, alikuibia akaunti kwa ile namba ya tarakimu sita inayotumwa kwa meseji? Hapana, ungetupwa nje ya WhatsApp yako siku hiyohiyo. Inabaki njia moja: mtu aliandika akiwa ndani ya akaunti yako huku nawe umo, kisha akafuta ili usione. Ama alishika simu yako mkononi, ama alikuwa na kifaa kilichounganishwa.

Na waifai je? Kijana wa jiweni, hata kama ana pasiwedi yako, hawezi kukaa pale akaandika kwa namba yako. Ujumbe wa WhatsApp tangu mwaka 2016 unafungwa kwenye simu ya mtumaji na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji. Ukipita hewani kwenye ruta ni kama gunia lililoshonwa, anaona linapita lakini hajui ndani kuna dagaa au pumba. Pesa za simu ziko mbali zaidi: zile menyu zinazoanza na *150* hazipiti waifai kabisa, zinapita kwenye laini yako na mnara.

Kwa hiyo una magonjwa mawili yaliyokupata wiki moja. Moja limeiba 480,000, jingine linakula bando. Ukiyachanganya utamshitaki mtu wa bando kwa kosa la pesa.

Anza na la pesa, leo. Fungua WhatsApp, gusa vile vidoti vitatu, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa. Kama simu yako iko kwenye Kiingereza imeandikwa Linked devices. Utaona orodha, na kila kifaa na muda kilipotumika mara ya mwisho. Ukikuta kompyuta usiyoijua, mkono utakuwasha kuitoa. Subiri kidogo. Piga picha ya skrini kwanza, tarehe na saa zionekane, kwa sababu ukishaitoa ushahidi wako umeondoka nayo. Halafu itoe, na nyingine yoyote isiyo yako. Kisha kwenye mipangilio ya akaunti weka uthibitishaji wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu sita ambayo mtu hawezi kusajili namba yako kwenye simu nyingine bila kuijua. Isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto.

Ukikuta orodha ni tupu, usikate tamaa, huenda aliyeingia alishatoka. Hapo uanze kuwaza nani alishika simu yako wiki ile ikiwa haina nywila ya skrini. Swali hilo ni gumu, maana majibu yake huwa yanakaa karibu na nyumbani.

Mteja wako naye ana kazi. Hela imetoka kwake, kwa hiyo yeye ndiye wa kupiga simu kwa kampuni ya mtandao aliotumia kutuma, awape namba ya muamala, aombe uzuiwe. Mara nyingi tapeli huwa ameshatoa, lakini asiache kuripoti. Ile namba ya "mdogo wako" itumeni kwenye 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti matapeli wa meseji. Wewe nenda polisi na picha zako ukachukue RB. Mwambie askari wazi kwamba ni kosa la mtandao, kwa sababu kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa kumo humo. Ukiwa njiani piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukiona namba usiyoitambua, usirudi nyumbani kabla hujapita kwa mtoa huduma kuifuta.

Na tafadhali, usiende kumvamia mwenye steshenari. Kompyuta ile inakaliwa na watu hamsini kwa siku. Mtu aliyekuja baada yako kuchapa wasifu wa kuombea kazi angeweza kukuta WhatsApp yako imeachwa wazi. Polisi wakitaka kumuuliza, watamuuliza.

Sasa ruta.

Kabla hujawaza wezi, hesabu. Saa moja ya video yenye picha safi kwenye TV inaweza kula GB 2 hadi 3. Chukua 3: GB 60 zako ni saa 20. Watoto wawili wakishinda nyumbani, katuni asubuhi hadi baba arudi wikiendi, bando linaishia lenyewe bila msaada wa jirani. Ingia kwenye mipangilio ya programu ya video, shusha ubora hadi 480. Kwenye TV ya kawaida hawataona tofauti, watalalamika siku moja.

Kukwama jioni nako siyo dalili ya udukuzi. Ruta ya laini inagawana mnara na mtaa mzima, na saa mbili usiku Mabatini yote iko mtandaoni. Mara nyingine tatizo liko mbali zaidi ya unavyofikiri: tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na mtandao ukasuasua huku kwetu ziwani ingawa bahari tunaiona kwenye kalenda tu.

Vile vifaa kumi na kimoja, vichuje hivi. Kaa na mpwa wako, orodha ya ruta ikiwa wazi, mzime waifai kwenye kila kifaa cha nyumbani kimoja kimoja na kuangalia ni jina gani linatoweka. TV, king'amuzi kama kinatumia mtandao, simu ya baba iliyobaki kwenye droo. Utashangaa. Hayo majina ya herufi na tarakimu yanaweza kuwa ya kwenu wenyewe: simu za miaka hii, Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14, hujificha kwa kutumia anwani ya kubuni, hivyo simu ileile ukiiondoa na kuiunganisha upya inaweza kuonekana kama mgeni. Na baadhi ya ruta huendelea kuorodhesha simu iliyopita wiki jana. Vitakavyobaki baada ya hapo ndivyo vya kuulizia.

Na hivyo navyo, nina wasiwasi havikudukua kitu. Karatasi iko ukutani! Kila aliyekuja kuangalia mpira ameisoma. Tena simu za sasa zina ujanja: aliyeunganishwa akigusa kitufe cha kushiriki, unatokea msimbo wa QR, mwenzake anaskani anaingia bila hata kuijua nywila. Mtoto wako mmoja mwenye moyo mkunjufu anatosha kuunganisha mteremko wote. Na nyumba zetu za mlimani zimepangana kama ngazi, bati la jirani liko usawa wa kizingiti chako. Mawimbi ya waifai ya 2.4 GHz, ambayo ruta nyingi zinatumia, yanapenya ukuta bila hodi.

Sasa fanya hivi. Geuza ruta chini, kuna kibandiko chenye anwani ya kuingilia, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.8.1, pamoja na jina na nywila ya msimamizi. Hiyo ya msimamizi ni tofauti na ya waifai, na ndiyo mafundi wengi huisahau. Kama mpwa wako aliingia kwa admin na admin, basi yeyote aliye kwenye waifai yako anaweza kufanya hivyohivyo. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka malaki ya ruta na kamera duniani bila ujanja wowote wa ajabu. Kilikuwa na orodha ya majina na nywila za kiwandani kama sitini hivi, kikazijaribu mlango kwa mlango. Badili hiyo kwanza.

Ukiwa humohumo badili jina la waifai na nywila yake. Isiwe jina la mtoto na mwaka. Kinachopima nguvu ya nywila ni urefu, na sababu ni hii: mwenye nia mbaya anaweza kunasa zile salamu simu yako inazopeana na ruta wakati wa kuunganisha, akaondoka nazo, akakaa kwake Nyegezi akibahatisha nywila kwa kompyuta usiku kucha bila kurudi kwako. Nywila ya herufi nane inayotoka kwenye kamusi au majina ya watu haimcheleweshi. Maneno manne yasiyohusiana kabisa, yenye tarakimu katikati, yatamzeesha. Chagua ulinzi wa WPA2 wenye AES, au WPA3 kama ruta inayo. Ukikuta WEP, ruta hiyo ni ya makumbusho.

Tafuta palipoandikwa WPS, zima. Ni kile kitufe cha kuunganisha bila nywila, na toleo lake la PIN lilionekana bovu tangu mwisho wa 2011: tarakimu nane ambazo zingepaswa kuwa mamilioni ya makisio, lakini ruta inazikagua kwa vipande viwili, ikabaki kama makisio 11,000 tu. Zima pia usimamizi kutoka mbali. Angalia DNS, ambayo ndiyo kitabu cha anwani cha ruta: kama imeandikwa namba ambazo mtoa huduma wako hazitambui, kuna aliyekaa humo akitaka kukupeleka kwenye kurasa za benki za uongo. Hapo usibembeleze; bonyeza kile kitundu cha nyuma kwa sindano sekunde kama kumi, ruta irudi ya kiwandani, uanze upya. Ya laini kwa kawaida hujipanga yenyewe. Wale wasomaji wenye faiba wasiguse kitundu hicho kabla ya kumpigia mtoa huduma, wasije wakashinda bila mtandao.

Ukishamaliza kila kifaa kitatupwa nje. Rudisha vya kwenu kimoja kimoja kwa mkono wako. Kwa wageni washa waifai ya wageni, kama ruta inayo, yenye nywila yake unayoweza kuibadili kila mwisho wa mwezi. Na ile karatasi, ichane.

Sasa kijana wa jiweni. Inawezekana kweli anatumia bando lako. Ukibadili nywila na jioni yake akahamisha kiti, utakuwa umejua. Lakini mume wako akienda kwa mwenyekiti Jumamosi na kesi ya laki nne na themanini, atakuwa amemwita mtoto wa watu mwizi bila ushahidi, na ushahidi mlio nao unaelekea kwingine. Ninamwelewa. Laini ya ruta imesajiliwa kwa jina lake, na chochote kitakachofanywa kupitia waifai hiyo wa kwanza kuulizwa ni yeye. Mwambie hilo tayari limefungwa. Suala la bando limalizeni ninyi akina mama kwenye kikoba: "Mwenzangu, bando limenishinda, nimefunga waifai, kijana akihitaji kitu cha chuo aje aniombe." Akiwa mwema atakuja kuomba. Akija, mwulize pia kama anajua kuzima WPS, maana mpwa wako nimemwachia kazi nyingi.

Limebaki hilo deni. Hukuniuliza, lakini najua linakukaa kooni. Mimi nisingelipa lote. Mteja wako alipotuma, simu ilimwonyesha jina la mpokeaji kabla hajaweka PIN, na hakupiga simu kuuliza. Wewe nawe uliacha mlango wazi. Mzigo ujao mpunguzie kiasi mtakachokubaliana, na muwekeane sharti kwamba namba ya malipo haibadiliki mpaka msikie sauti. Ila mpigie leo, usimwandikie. Kwa sasa maandishi yako hayaaminiki.